Jiwe Langu Foleni

Siku niliyozima mashine ya kutoboa kadi, mwanangu wa kwanza alikuwa hajajua hata kukaa, na blauzi yangu ilikuwa imelowa maziwa kifuani. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kazini baada ya likizo ya uzazi. Nilipoondoka nilikuwa mwanafunzi wa darasa la uprogramu, mwanamke peke yangu katikati ya wanaume, na mkuu wa kitengo, Bwana Lukindo, alikuwa ameniambia mbele ya darasa zima, "Nenda ukajifungue salama, dada. Kiti chako kipo." Niliporudi nikakuta kwenye kiti hicho amekaa kaka mmoja nisiyemjua, kalitundika koti lake mgongoni pa kiti kama mtu aliyehamia.

Nikamfuata Bwana Lukindo mlangoni kwake.

"Darasa halimsubiri mtu, dada. Wenzako wameshafika mbali," akasema. "Rudi kwenye kadi kwanza, ulee mtoto. Kundi lijalo utaanza tena."

"Kundi lijalo lini?"

"Litakapokuwepo."

"Uliniambia kiti changu kipo."

"Si kipo? Nenda kakiangalie." Akacheka mwenyewe. "Tena kutoboa kadi ni kazi nzuri kwa anayenyonyesha. Unakaa, hufikirii sana."

Nikaenda kwenye chumba cha kadi. Juu ya meza yangu ya zamani wameniwekea kazi ya siku: karatasi za mazoezi ya wanaume wale wale niliosoma nao, wameandika programu zao kwa penseli, mie nizitoboe kwenye kadi. Nilitoboa kadi ya kwanza. Nilitoboa ya pili. Kisha nikanyoosha mkono nikazima mashine, chumba kizima wakageuka, kwa sababu kwenye chumba kile mashine ikizimwa kabla ya chakula cha mchana maana yake kuna mtu ameanguka.

Nyie vijana wa kitengo mmeniomba niandike kumbukumbu zangu kwa kuwa nimestaafu. Mlitaka habari za kompyuta ya kwanza, ilikuwa kubwa kiasi gani, na kama ni kweli ilikuwa ikipiga kelele. Mtazipata. Vyeo na mishahara sitaviandika, havina utamu. Ila mjue mapema kwamba mie nimestaafu lakini hasira yangu bado ina ajira.

Nilianza kazi miaka michache baada ya Azimio la Arusha, nimetoka kidato cha nne, nimeolewa na fundi seremala wa Keko. Shirika letu la umma lilikuwa likipeleka sukari, sabuni, khanga na vitu vya namna hiyo kwenye maghala ya mikoani. Ofisi zilikuwa Chang'ombe, natoka nyumbani kwa miguu, napita kwenye makabati na vitanda vilivyopangwa barabarani, nafika nina vumbi la mbao kwenye viatu. Siku ya kwanza nilidhani nitaonyeshwa kompyuta. Nilionyeshwa mlango wake. Ndani ilikuwa na kiyoyozi, na watu wawili waliovaa makoti meupe kama wauguzi. Sie watoboaji tulikuwa chumba cha pili, na kiyoyozi chetu kilikuwa dirisha.

Kwa ambao hamjaiona, kadi ilikuwa karatasi ngumu, ndefu kama noti. Unagonga kibodi, mashine inatoboa matundu, na kompyuta inasoma matundu yale. Kadi moja, mstari mmoja. Programu nzima ilikuwa bunda la kadi unalobeba kwa mikono miwili kama tofali. Ukiliangusha, umekwisha. Ndiyo maana jambo la kwanza kufundishwa lilikuwa kuchora mstari wa penseli wa mshazari juu ya bunda, kona hadi kona, ili kadi zikimwagika uzipange kwa kufuata mstari. Vipande vidogo vilivyotobolewa vilikuwa vikiingia kwenye nywele, kwenye viatu, hata kwenye mchuzi. Mume wangu alikuwaga akija na vumbi la mbao, mie nakuja na vumbi la kadi, tunafagia kwa pamoja.

Aliyenifundisha hayo ni Bi Somoe, mama wa Lindi, mkubwa wetu wa chumba. Yeye hakutoboa, alikuwa akihakiki, maana yake anagonga tena kazi uliyoigonga wewe, na mashine inagoma pale mnapotofautiana. Hakuwahi kunigombeza. Aliniletea tu kadi mbovu, anaiweka mbele yangu kimya, anaondoka. Afadhali angenigombeza.

"Shikamoo, Bi Somoe. Nimekosea wapi?"

"Marahaba. Ungekuwa unaangalia kadi badala ya saa, ungejua."

Bi Somoe ndiye aliyeanzisha desturi ya kawa. Vumbi na jasho vilikuwa vikiharibu kadi ya juu na ya chini ya kila bunda, kwa hiyo tukawa tunafunika bunda kwa kadi tupu, moja juu na moja chini, kama chakula kinavyofunikwa kwa kawa. Kabla bunda halijaingia kwenye kompyuta, mtu anazitoa. Hakuna aliyefikiri hapo. Unapokea bunda, unavuta ya juu, unavuta ya chini, unapeleka. Kumbukeni kawa. Iliniumbua, na baadaye ikanifaa.

Likatoka tangazo kwamba shirika litafundisha waprogramu wake wenyewe, kwa sababu nchi haiwezi kujitegemea huku inamwomba mzungu aje kubadilisha mstari mmoja. Sharti kidato cha nne. Nilikuwa nacho. Hakuna aliyeandika kwamba awe mwanaume, ni kwamba hakuna aliyedhani ataomba asiye mwanaume. Nikafanya mtihani, nikashinda, nikaingia.

Mwalimu wetu, Ndugu Ngonyani, alikuwa amesomea ng'ambo, mwembamba, mpole, na hakuamini kitu chochote unachokisema mpaka ukionyeshe. Siku ya kwanza hakugusa kompyuta. Alituambia tuandike hatua za kuwasha jiko la mkaa, moja baada ya nyingine, kwa mtu asiyejua lolote.

Wanaume waliandika haraka. Aliyesoma kwanza ni Baraka, kijana wa Moshi, mcheshi, viatu vyake vinang'aa kuliko vya Bwana Lukindo. "Weka mkaa. Washa. Pepea mpaka ushike. Bandika sufuria."

"Vizuri," akasema Ndugu Ngonyani. "Na mkaa ukiwa umelowa?"

"Atapepea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ushike."

"Umelowa, Baraka. Haushiki."

Baraka akafikiri. "Basi ataendelea kupepea."

"Mpaka Kiyama," nikasema. Darasa likacheka.

Ndugu Ngonyani akanigeukia. "Wewe nyumbani unafanyaje?"

"Napepea mpaka ushike, au mpaka mkono uchoke. Nikichoka naenda kuomba kaa la moto kwa jirani."

Akaandika ubaoni. Hicho, akasema, ndicho kitu chote mtakachofanya maisha yenu. Rudia jambo mpaka kitu fulani kitokee, na lazima uwe na njia ya kutoka kisipotokea. Kama hivi, fanya hivi. Vinginevyo, fanya vile. Mashine haina akili ya kuchoka mkono. Usipoiambia kuna jirani, itapepea mkaa mbichi mpaka umeme ukatike. Nimeandika programu kwa miaka mingi tangu siku ile, na nyie mna lugha nyingi zenye majina ya ajabu, lakini kila programu iliyonikwamia ilikwama kwenye jiko lile: ama nilisahau "vinginevyo," ama nilisahau jirani.

Programu yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa ya maghala. Kadi moja kwa kila ghala. Kama mifuko ya sukari imepungua chini ya kiasi, chapa agizo. Vinginevyo, pita ghala linalofuata. Rudia hivyo mpaka ukutane na kadi ya mwisho, niliyoitoboa neno MWISHO. Niliikagua kwa penseli mara nyingi kuliko nilivyokagua chumba changu cha harusi. Siku ya kuiendesha darasa zima tulisimama nyuma ya kioo. Kompyuta ikasoma kadi, ikachapa maagizo, Tabora, Songea, Mtwara, nikaanza kutabasamu. Kisha ikanyamaza. Taa inawaka, hakuna kinachoendelea.

"Imekufa," akasema mmoja.

"Haijafa," akasema Ndugu Ngonyani. "Inasubiri."

Wakamwita fundi. Fundi akafungua mlango wa nyuma, akapuliza vumbi, akafunga. Kompyuta ikaendelea kusubiri, kama mwenyeji aliyeandaa wali na mgeni hafiki. Bwana Lukindo akapita, akatazama saa, akaniuliza kama najua mashine ile inagharimu nini ikikaa bure. Nilijibu kwamba sijui na kwamba jibu halitaiamsha.

Nikarudi chumba cha kadi kuangalia kama nimeacha kitu. Kwenye kikapu, juu kabisa, ilikuwepo kadi yangu ya MWISHO. Bunda langu lilipita mikononi mwa wenzangu, sikuwa nimeliwekea kawa ya chini, nao wakafanya desturi: wakavuta ya juu, wakavuta ya chini. Ya juu ilikuwa tupu kwa bahati. Ya chini ilikuwa mlango wa kutokea.

"Nani kaitoa?" nikauliza.

"Mie," akasema Bi Somoe. "Na wewe ndiye uliyenizoesha kuitoa, kila siku unanipa bunda lina kawa. Leo umeacha, hukusema."

Nikaipeleka kadi mbio, nikaiweka kwenye kisomeo cha kadi, kompyuta ikaimeza na ikamaliza kazi palepale. Darasa likapiga makofi. Mie nilijifunza kwamba kabla hujaandika programu, nenda kawatazame watu watakaoishika. Mpaka leo nikiona kijana ameandika programu ya ghala bila kukanyaga ghala, mkono unaniwasha.

Baada ya hapo ndipo ikaja sabrutini. Siku hizi nyie mnaiita fankisheni, ni kitu kile kile: kipande cha kazi ulichokiandika pembeni mara moja, na programu inakiita kila inapokihitaji. Inaacha ilipokuwa, inaenda kule, inafanya, inarudi. Kuandika hakukutusumbua. Kilichotusumbua ni kurudi.

"Inarudi wapi?" akauliza Ndugu Ngonyani.

"Mwanzo," wakasema wengi.

"Ikirudi mwanzo itafanya upya kila ilichokwisha fanya."

"Basi mwisho," akasema Baraka.

"Ikirudi mwisho itaruka kila ambacho haijafanya."

Mie nikafikiria bomba la mtaani kwetu Keko. Maji yalikuwa yakija kwa kudondoka, foleni ya ndoo inaanzia bombani inapinda kwenye kona. Hakuna mama anayeweza kusimama pale asubuhi nzima; kuna ugali jikoni, kuna mtoto. Kwa hiyo unaacha jiwe. Kila mtu ana jiwe lake na linajulikana. Langu lilikuwa kipande cha kigae chekundu. Unaliweka ulipofikia, unaenda kugeuza ugali, unarudi pale lilipo jiwe. Na foleni ikisogea ukiwa hupo, aliye nyuma yako analisukuma jiwe lako kwa mguu. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini jaribu kuruka jiwe la mtu Keko uone.

Nikawaeleza hivyo. "Mashine ikienda kwenye sabrutini inaacha jiwe. Ikimaliza inarudi penye jiwe."

"Kwetu jiwe ni jiwe tu," akasema Baraka. "Mtu analitupa anapita."

"Ndiyo maana kwenu mna mto," nikamwambia.

Ndugu Ngonyani akacheka, na kuanzia siku hiyo darasani hakuna aliyesema "anwani ya kurudia," jina la vitabuni la mahali hapo pa kurudi. Tulisema jiwe. "Umeweka jiwe hapa?" "Jiwe lako liko wapi?" Baraka naye alikuwa akilisema, kwa lafudhi ya kwao.

Wakati huo tumbo langu lilikuwa halifichiki tena, meza ya kuandikia ilikuwa mbali na mie kuliko na wengine. Ndipo Bwana Lukindo aliposema maneno yale ya kiti. Nikayapokea kama mtu anayeacha jiwe mbele ya mashahidi.

Sasa sikilizeni. Nilijifungua, na Jumapili ya kwanza baada ya arobaini mume wangu akaniambia kuna mtu wa viatu vinavyong'aa anauliza nyumba yetu kwa mafundi. Alikuwa Baraka. Ameshika karatasi za masomo.

"Karibu, Baraka. Umepoteaje mpaka huku?"

"Nimekuja kusukuma jiwe," akasema, akakaa kwenye stuli ambayo haijapigwa vanishi, ikamtia vumbi suruali yote.

Akaja karibu kila Jumapili baada ya kanisa. Anasoma alichofundishwa, mie nafanya zoezi mtoto yuko pajani, naye anapeleka karatasi yangu kwa Ndugu Ngonyani pamoja na za darasa. Zikawa zinarudi zimesahihishwa kwa wino mwekundu, hakuna huruma ndani yake. Nilikosea nilipokosea. Lakini sikubaki nyuma. Foleni ilisogea na jiwe langu likasogea nayo.

Kwa hiyo mnaelewa kilichonichoma asubuhi ile. Bwana Lukindo aliposema wenzangu wamefika mbali, nilikuwa nipo huko huko mbali. Karatasi walizonipa nizitoboe zilikuwa za zoezi ambalo mie mwenyewe nililimaliza nikiwa Keko, nikisubiri nepi zikauke. Ndipo nikazima.

Bi Somoe akaja akasimama pembeni ya mashine. "Unaumwa?"

"Hapana."

"Umefukuzwa?"

"Bado."

"Basi washa mashine mpaka saa ya kula. Ukiizima saa hizi watasema umegoma, na watu watajadili kugoma kwako badala ya kiti chako."

Nikawasha. Kwa ghadhabu ile nilitoboa vizuri kuliko siku zote, hata Bi Somoe alikiri. Saa ya chakula nikaanza kuandika malalamiko kwenye kamati ya wafanyakazi. Enzi zile kamati ilikuwa na meno. Mkuu anayewadharau watu aliweza kuitwa ajieleze mbele ya wafagizi. Nikaandika kurasa nzima. Nilianza na tabia ya Bwana Lukindo, nikapitia kicheko chake, nikamalizia na mahali ambapo angeweza kukiweka kiti chake. Nikampa Bi Somoe asome.

Akasoma yote. Kisha akachana aya ya kwanza, akachana na ya mwisho.

"Hizi ni kawa," akasema. "Umeweka hasira juu na hasira chini. Wataivuta ya juu, wataivuta ya chini, na ukiwa umeacha jambo lako huko, limekwenda na kikapu. Weka jambo katikati."

"Hasira yangu niiweke wapi, Bi Somoe?"

"Nani kakuambia uiweke? Nenda nayo nyumbani, itakusaidia kufua."

Jioni mume wangu alisoma nakala safi akiwa ameshika randa. "Watakufukuza," akasema.

"Wakinifukuza watakuwa wamenijibu."

Akarudi kwenye ubao wake. Baadaye kidogo akasema bila kugeuka, "Andika na jina la Baraka kama shahidi."

"Nimeshamuuliza. Amekubali."

"Na mwalimu?"

"Amesema ataleta karatasi zenye wino mwekundu."

Asubuhi nikampitishia Bi Somoe tena, kisha nikalipeleka lalamiko mwenyewe kwa mwenyekiti wa kamati. Alikuwa dereva wa lori la shirika, akalisoma ameegemea tairi, midomo inatembea. Akauliza swali moja tu: "Hilo zoezi unaloomba upewe, uko tayari kulifanya lini?" Nikamwambia hata sasa hivi, hapo hapo alipo. Akakunja karatasi, akaitia mfuko wa shati.

Nakala yangu ninayo. Salamu za juu na heshima za chini nimezivuta, kama tulivyovuta kawa. Kilichobaki ni hiki:

"Yah: Kurudishwa mahali nilipoishia.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la uprogramu. Niliondoka kwa ruhusa kwenda kujifungua, na niliahidiwa mbele ya darasa kwamba kiti changu kitakuwepo. Nimerudi na kiti amepewa mtu mwingine. Nimeambiwa nirudi kutoboa kadi, na nikitaka kusoma nianze mwanzo na kundi ambalo halipo.

Sababu niliyopewa ni kwamba nimebaki nyuma. Si kweli. Masomo yote niliyafanya nyumbani na mwalimu ameyasahihisha. Sababu ya pili niliyopewa ni kwamba nanyonyesha. Hiyo ni kweli, na haihusiki.

Siombi kuhurumiwa wala kupewa muda wa ziada. Naomba nipewe zoezi lolote ambalo wenzangu wanalifanya siku hiyo. Nikilishindwa nitarudi kwenye kadi na sitalalamika tena. Nikiliweza, nirudishwe mahali nilipoacha. Siyo mwanzo. Siyo mwisho. Pale pale.

Hata mashine mliyotununulia inafundishwa hivyo: ikitumwa kazi nyingine ikaimaliza, inarudi kwenye mstari uliofuata. Naomba shirika linitendee kama linavyoitendea mashine yake.

Wakati kamati inajadili, kesho saa ya kuanza nitakuwa darasani. Kiti kikiwa na mtu, nitasimama."